Yaliyoamuliwa Kwenye Foleni ya Kahawa

"Wameniamulia kwenye foleni ya kahawa, dada! Foleni ya kahawa!"

Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kushonea, kaishika laptopu kama mtu aliyeshika sahani iliyopasuka, na nyuma ya pazia kulikuwa na mteja nusu uchi akisubiri nimpime kiuno.

"Sasa ungekuwepo kwenye hiyo foleni ungeamua nini wewe?" nikamuuliza. "Ungeamua sukari vijiko vingapi. Toka, kuna mtu hapa hajavaa."

"Soma walivyoandika! 'Kama tulivyokubaliana mkutanoni.' Tulivyokubaliana! Nani na nani? Mimi nilikubaliana na nani?"

"Na cherehani," akasema mteja nyuma ya pazia, na mafundi wangu wawili wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano.

Asiyejua atadhani ni ugomvi wa chama cha wapangaji. Mdogo wangu anaandika programu. Tangu akiwa na miaka ishirini na minne anakaa chumba cha nyuma cha duka langu la ushonaji, kati ya marobota ya vitambaa na ndoo ya vifungo, na mimi namlisha mchana. Kuna lugha moja ya kompyuta, si ya kusemwa na watu bali ya kuiamrisha mashine, na lugha hiyo haina mwenyewe. Imeungwaungwa na watu waliotawanyika dunia nzima, kila mmoja na kipande chake, bila mshahara. Kipande cha mdogo wangu ni cha tarehe. Mashine ikitaka kujua siku tisini kuanzia leo itakuwa Jumanne au Jumatano, au Februari ya mwaka huu ina siku ngapi, inakiuliza kipande chake. Hospitali zinapangia wagonjwa miadi kwa kipande hicho, viwanda vinapangia zamu. Na juu kabisa ya kipande kuna mstari unaosema nani anakitunza. Mstari huo ulikuwa na jina lake peke yake.

Hana kingine. Nyumba hana, gari hana, nywele zinamtoka. Ana mstari mmoja. Sasa watu waliokutana huko mbali, kwenye mkutano wao wa tisa, walikuwa wamekubaliana, wakisubiri kahawa, kwamba tarehe ziwekwe chini ya kamati ya watu watatu, na yeye si mmoja wao.

Mwanzo haikuwa hivyo. Mwanzo walikuwa watu ishirini na watatu wasiojuana sura. Waliandikiana kwenye intaneti, kila kitu hadharani, na mwenye hoja alisikilizwa hata kama anaandika akiwa chooni. Mdogo wangu alipopeleka kazi yake ya kwanza, alikaguliwa na mtu mzima mmoja ambaye wote walimwita Babu. Ilikuwa ndiyo desturi yao: hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe, lazima mwingine aikague, na aliyekaguliwa leo kesho anamkagua mwenzake. Babu akamtolea makosa thelathini na manane, yamepangwa kwa namba. Mdogo wangu alilia. Sitanii, alilia, machozi yakadondokea satini ya mtu. Akayarekebisha yote, kama wiki mbili hivi, na Babu akamjibu, "Sasa kimekaa. Kazi yangu ijayo utanikagulia wewe." Alitembea dukani siku hiyo kama amechaguliwa kuwa mbunge.

Halafu wakaanza mikutano.

Wa kwanza walikutana watu kumi na wanne kwenye darasa la kuazima. Babu alikwenda, na alimpostia mdogo wangu fulana ya mkutano. Nikaikagua mimi. Pamba nzito, mshono wa mara mbili begani, na mgongoni yamechapwa majina yote ishirini na matatu, waliokuja na wasiokuja. Nikasema hawa watu wana adabu. Mwaka wa pili Babu alikwenda tena, kisha mke wake akapata kiharusi na hakutoka tena nyumbani. Fulana ya mwaka wa tatu, iliyotumwa na mtu mwingine, ilikuwa na majina ya waliokuja tu. Ya mwaka wa tano haikuwa na jina la mtu hata mmoja, ilikuwa na matangazo ya kampuni, na kitambaa chepesi kiasi kwamba ukiingiza mkono ndani unauona.

Na maandishi yao yakabadilika. Nilikuwa namsikia akilalamika huko nyuma. Mtu akiuliza jambo zito anajibiwa, "Tutaongea mkutanoni." Mwaka mmoja sita kati yao walikwama kwenye lifti saa mbili, na tangu hapo kila kikiharibika kitu mtu anaandika "lifti hiyo" na wenzake wanacheka ukurasa mzima. Mdogo wangu akauliza, lifti gani? Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Nikamwambia, "Acha, unajitia aibu. Ukiona watu wanacheka na hujui kwa nini, ujue sherehe si yako."

Aliyekuwa akiandika "kama tulivyokubaliana mkutanoni" ni mmoja waliyemwita Mrefu. Kipande cha maana Mrefu hakuwa nacho. Kipande chake kilikuwa miguu: kampuni yake ilimlipia safari na hakukosa mkutano hata mmoja. Kufika mwaka wa tisa, asiyejulikana na Mrefu kwa sura alikuwa hajulikani.

Basi mdogo wangu akapigania mstari wake kwa barua. Aliandika barua ndefu, za heshima, zenye vifungu. Akajibiwa kwamba hoja ni nzuri, kamati isianze kwanza, suala litamalizwa mkutano ujao, na ingekuwa vizuri kama angehudhuria mwenyewe.

"Wanakuita," nikamwambia. "Nenda ukawaonyeshe uso. Ndio wanachotaka, na wala si uso mzuri, lakini ndio huo huo."

Wifi yangu, mkewe, ni muuguzi. Akacheka akivua viatu vya zamu. "Mume wangu anapigania kalenda ya dunia nzima, wifi, na siku yangu ya kuzaliwa hajawahi kuikumbuka."

"Ni mwezi wa tano," akasema mdogo wangu.

"Wa sita."

Akaomba viza. Dirishani wakamuuliza anakwenda kufanya nini. Akasema, kuzungumza kuhusu tarehe. Tarehe gani? Akasema, zote. Wakamnyima. Ni yeye mwenyewe aliyetuhadithia, kwa uchungu kabisa, na hakuelewa kwa nini mimi na wifi tumeinamia meza kwa kicheko.

Suala likaahirishwa tena mwaka mzima. Mkutano wa kumi na moja wakamwambia azungumze kwa kamera kutokea nyumbani, dakika ishirini, kisha watu wapige kura. Aliniomba nisimamishe cherehani. Nilikuwa na sare za shule mia mbili na shule zinafunguliwa Jumatatu, lakini nikazisimamisha. Wao wakachelewa. Nusu saa, dakika arobaini, mafundi wangu wamekaa wanakuna magoti. Nikasema shoneni, wakianza nitawaambia mnyamaze. Hawakuniambia wameanza. Ukumbini kule watu mia nne wakamwona mdogo wangu kwenye ukuta, uso mkubwa kama mlango, akieleza habari ya mwaka mrefu, ule ambao Februari ina siku ishirini na tisa, huku nyuma yake cherehani tatu zinalia na mama mmoja anapita na suruali ya mwanawe begani akiuliza choo kiko wapi.

Walicheka. Aliwasikia. Akaendelea kuongea, masikio yamemwiva, mpaka mtandao ukakatika katikati ya sentensi. Hawakumpigia tena. Kura haikupigwa.

Sikumwomba radhi. Nilimwekea chakula, akakiangalia.

Baada ya miezi michache Mrefu akamwandikia kwamba fulana za mkutano wa kumi na mbili zitachapwa picha ya cherehani. "Ni heshima," akaandika. "Sasa na wewe una lifti yako." Mdogo wangu akanisomea. Nilidhani atavunja kitu. Alikuwa anatabasamu, mjinga yule. Miaka kumi na moja ya tarehe zisizokosea haikumpa jina, cherehani zangu zilimpa kwa dakika nne.

Safari hiyo viza ilitoka. Chama chao kilimpa tiketi. Nikamshonea koti la buluu iliyoiva, bitana nzima, mfuko wa ndani wa pasipoti wenye zipu maana ni mtu wa kupoteza. Wiki moja kabla hajaondoka alikuja nimjaribishe, na mikono ikiwa juu huku nabana kwapani akasema, "Babu ameniandikia."

"Anasemaje?"

"Amekitengeneza upya kipande chake. Kurasa nne. Anataka nimkagulie, anasema hana mwingine."

Kipande cha Babu ni cha kusoma mafaili ya mashine za zamani, zile ambazo hazitengenezwi tena. Rejesta za hospitali, kumbukumbu za ardhi, vitu vilivyoandikwa kabla mdogo wangu hajaota meno. Wanaokitumia si wengi, lakini wanaokitumia hawana kingine. Na zamu ya kukagua ilikuwa ya mdogo wangu, maana Babu ndiye aliyemkagulia mara ya mwisho.

"Umemjibuje?"

"Nikirudi."

"Kurasa nne, mtu mzima kakuomba, nikirudi?"

"Dada, nina hotuba ya kuandaa. Nina mstari wangu wa kuokoa. Nikirudi."

Akaenda, akakaa siku sita, akarudi. Alituingilia saa nane mchana, koti mkononi na fulana ya cherehani mwilini. Mchoro wenyewe ni wa mtu asiyewahi kuona cherehani, gurudumu liko upande usio wake. Wifi alikuwa ndio katoka zamu.

"Jina langu limebaki," akasema.

Wifi akapiga makofi. Nami nikaacha mkasi. "Peke yake?"

"Peke yake. Hakuna kamati."

"Hotuba yako iliwaingia, basi."

"Hotuba sikutoa. Muda ulibana." Akakaa kwenye robota la kaki. "Waliamua kabla."

"Wapi?"

Hakutaka kusema, na kwa hiyo tulijua.

Alikuwa kwenye foleni ya kahawa, siku ya pili, asubuhi. Mrefu akamwekea mkono begani akapiga kelele, "Bwana Cherehani!" na foleni nzima ikageuka. Walimjua. Walimuuliza yule mama wa suruali alikiona choo? Watu ambao kwa miaka walikuwa herufi tu walimkumbatia. Mmoja akamhadithia habari ya lifti, yote, kuanzia mwanzo, na kusema kweli, akatuambia mdogo wangu, haichekeshi hivyo, lakini alicheka mpaka akatoa machozi.

"Sikuwahi kufurahi namna ile," akasema. "Nisamehe," akamwambia mkewe.

"Endelea," akasema wifi.

Mrefu akamweleza kwa sauti ya chini, huku wanasogea. Lugha imenenepa. Kampuni zinazolipia ukumbi zinataka ipunguzwe, kitoke kipande kimoja mwaka huu, ionekane kuna kazi inafanyika. Kamati ya tarehe si lazima, watu wamekupenda, baki na tarehe zako. Ila kuna kile cha mafaili ya zamani. Nani anakitumia siku hizi? Na mwenyewe haji. Kukitoa inahitajika mikono saba ya kura, tunayo sita.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema kina kazi zake."

"Halafu?"

"Halafu foleni ikasogea."

Cherehani zilikuwa zimenyamaza, na safari hiyo hakuna aliyewaomba mafundi wanyamaze.

"Ukanyoosha mkono," akasema wifi.

"Nilinyoosha."

"Upi?"

"Wa kulia." Akauangalia. "Wa kushoto ulikuwa na kikombe."

"Babu hajui kwamba ni wewe," nikasema. Nilikuwa namtafutia mlango wa kutokea, sijui kwa nini.

"Anajua. Mimi ndiye niliyeandika tangazo. Walisema, nyinyi mnajuana, wewe utaliandika kwa upole."

Nikamwambia alifungue nilisome. Lilikuwa la upole kweli. Lilimshukuru Babu kwa miaka mingi ya utumishi, likamtakia mkewe afya njema. Na lilianza hivi: Kama tulivyokubaliana mkutanoni.

"Nani na nani?" nikamuuliza.

Akafunga laptopu akaenda chumba cha nyuma.

Babu alijibu tangazo lile kwa maneno mawili. Nimeona, asante. Hapo chini watu wakaweka mioyo na maua, wakamwita nguzo, wakamwita mwalimu, watu ambao mwalimu wao hawakuwahi kumwandikia. Baada ya siku mbili wakahamia kwenye picha za mkutano. Mdogo wangu yumo kwenye kumi na moja, nimezihesabu. Kwenye picha zote anacheka na koti langu limemkaa vizuri sana begani, hilo siwezi kukataa.

Mambo yake yakanyooka. Akiuliza jambo anajibiwa kabla kikombe hakijapoa. Akiandika mzaha, watu mia wanacheka, hata mzaha mbovu. Mstari wake uko juu pale pale, jina lake peke yake, na hakuna tena wa kuugusa. Alichokitaka alikipata chote. Na akawa mtu wa kukaa mbele ya kioo cha kompyuta mchana kutwa mikono kaiweka mapajani. Chakula anakirudisha nusu. Akija chumba cha mbele anazungukazunguka, anachambua vifungo ambavyo nimekwisha kuvichambua.

"Unamsubiri Babu akutukane," nikamwambia siku moja. "Hatakutukana. Usikae hapo kama mgonjwa anayesubiri kuitwa."

"Simsubiri mtu."

"Una kazi ya watu hujaikagua."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukania marehemu. "Kipande kimeshatolewa, dada. Hata nikikikagua hakiendi popote. Hakuna atakayekitumia."

"Nimekuuliza kinakwenda wapi? Mteja akiniachia gauni, akahama, akafa, akafanya nini, gauni namalizia. Ulisema nikirudi. Si umerudi? Au bado uko kule kwenye foleni?"

Fundi wangu mmoja akakohoa. Mdogo wangu akaingia ndani akafunga mlango, na mlango ule haufungwi tangu nipange jengo hili, una robota nyuma yake. Nikasikia akilisukuma.

Kurasa nne zilimchukua siku tatu. Siku ya tatu mchana akatoka, macho mekundu, akakaa karibu na meza ya kukatia ambapo mimi na wifi tulikuwa tunakunywa chai.

"Kina kosa moja," akasema. "Ukurasa wa tatu. Faili likiwa la mwaka mrefu, linaruka siku moja."

"Tarehe," nikasema.

"Tarehe. Alichukua hesabu yake mwenyewe badala ya kuuliza kipande changu. Labda alitaka asinitegemee. Sijui."

Wifi akaweka kikombe chini. "Umemtoa mtu nje, halafu unamfuata huko huko nje na kosa? Si umwandikie tu kwamba iko sawa?"

"Nikimwambia iko sawa atajua sikuisoma."

Wifi akasogeza vikombe, nami nikampisha mezani.

Akaandika ukaguzi pale pale mezani, kwa namba, kama alivyokaguliwa yeye zamani, ila namba yenyewe ilikuwa moja. Halafu akaanza kuongeza chini yake aya ya kuomba radhi. Ilikuwa inarefuka. Nikamwambia aisome kwa sauti. Akasoma vizuri tu mwanzoni, mpaka alipofika "sikuwa na jinsi," akanyamaza. Akaangalia mkewe. Kisha akaifuta aya yote, mwenyewe, sikumshauri, akapeleka ile namba moja peke yake.

Jibu lilikuja kesho yake kabla ya saa sita. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya sketi ya bibi harusi mtarajiwa, naweka pindo, mwenyewe kasimama juu ya stuli. Mdogo wangu akatokea mlangoni na laptopu, akasoma mbele ya watu wote bila kujali.

"'Kosa ni kweli. Nimelirekebisha. Hatudaiani.'"

Akasubiri. Akasoma mara ya pili, taratibu, kama kuna neno litakaloongezeka.

"Dada," akasema. "Hapo si amenisamehe?"

Nilikuwa na pini saba mdomoni, na hata nisingekuwa nazo nisingemwambia ndiyo. Nikamwambia bibi harusi kwa mkono ageuke kidogo, nikaendelea na pindo.